Stika ya Injinia

Jina la Injinia alijipa mwenyewe. Hakuna chuo kilichompa, wala hakuna jirani aliyeanza kumwita hivyo kwa kumpenda. Aliliandika kwa rangi nyekundu juu ya mlango wa duka lake la kutengeneza kompyuta, chini ya ngazi za jengo la ghorofa tatu, na kwa kuwa watu wengi hawapendi ugomvi, walilisoma wakamwita hivyo hivyo. Alikuwa mtu mzima wa miaka arobaini na mitatu, na miwani yake ilikaa kwenye paji la uso kutwa nzima, kwa sababu machoni haikuwa na kazi kubwa. Ngazi zilipita chini chini mbele ya mlango, hivyo kila aliyeingia ilimbidi ainamishe kichwa. Nadhani hilo alilipenda kuliko kitu kingine chochote dukani mle.

Ufundi alikuwa nao, tusimsingizie. Mashine iliyoshindikana kwingine aliifungua, akaisikiliza, akainusa, na mara nyingi ilipona. Lakini ufundi huo ulimpanda kichwani na haukushuka tena. Kwake yeye dunia ilikuwa na watu wa aina mbili tu, yeye na wajinga. Mteja akiingia, Injinia hakumuuliza mashine ina nini. Aliuliza, "Umeifanya nini?" kwa sauti ile ya askari aliyekukuta na kuku wa jirani kwapani. Mtu akianza kueleza, yeye ameshashika bisibisi na kumgeuzia mgongo.

Tena alikuwa na ukuta. Nyuma ya meza yake alibandika vikaratasi vya maneno ya wateja, na juu yake akaandika SHULE YA WAJINGA. Alikuwemo yule aliyesema kompyuta yake ina mafua, na yule aliyeuliza kama virusi vya mashine vinaweza kumwambukiza mtoto. Waliokuwa wakisubiri kwenye benchi walisomewa, wakacheka mpaka wakashika mbavu, kila mmoja akisahau kwamba akishatoka tu zamu ni yake. Ndivyo mtu wa aina hii anavyotawala. Anakupa mwenzio umcheke, nawe unamshukuru.

Miezi minane nyuma alichapisha stika. Zamani alikuwa akiweka alama ndogo ya dhamana, saizi ya ukucha, pembeni mwa mashine. Udogo huo ukawa haumtoshi. Akachapisha mia tano mpya, kila moja upana wa kiganja, zenye picha yake akitabasamu, namba ya simu, na maneno: IMETIBIWA NA INJINIA. UKIBANDUA HUNA DAI. Kila mashine iliyopona aliibandika moja tumboni, katikati kabisa, iwe kazi ya mwisho kabla haijatoka dukani. Tangu hapo mashine za kurudi zikawa nyingi kuliko zamani. Injinia alilitafakari jambo hilo kwa makini, akafikia uamuzi kwamba watu wamezidi ujinga.

Sasa bwana huyu alikuwa na mama mkwe. Mahakamani, alikopiga chapa miaka thelathini na mmoja, walimwita Mama Chapa, na jina likamfuata mpaka mtaani. Alikuwa mwembamba, mkavu wa maneno, mwenye vidole vilivyoandika bila macho kutazama. Alipostaafu, watu walimgeuza mtu wa kuachiwa watoto, na wa kulinda nyumba fundi bomba akija. Hakuna aliyemwomba tena jambo lenye kuhitaji akili, na hilo lilimuuma kuliko mgongo wake.

Kisha msajili wa mahakama akampigia simu. Rekodi za kesi zilikuwa zimerundikana, akatakiwa mtu wa kuzisikiliza na kuziandika neno kwa neno. Angejaribiwa mwezi mmoja. Kazi ikifika kila Jumatano kwa wakati, ni yake moja kwa moja. Ikikwama, wapo wengine. Mama Chapa akanunua laptopu mpya, nyembamba, ya kwanza maishani mwake, akafuta vumbi meza yake ya mbao, akaanza. Binti yake alisema hajamwona mama amechangamka hivyo kwa miaka. Siku ya pili skrini ikageuka bluu na mashine ikazima. Siku ya tatu ikafanya hivyo mara nne.

Kwenda kwa fundi mwingine ilikuwa kumvunjia heshima mume wa binti yake mbele ya mtaa mzima. Kwa hiyo Mama Chapa akainamisha kichwa chini ya ngazi kama watu wote.

"Shikamoo, mama," alisema Injinia, akasimama, maana adabu ya mkwe mwili wake uliijua ingawa moyo haukuwa nayo.

"Marahaba, baba. Hii mashine mpya inanigomea."

Swali la Injinia lilikuwa limeshafika mdomoni. Akalivalisha nguo kidogo. "Pole, mama. Kwani umeifanya nini?"

"Nimeandika nayo." Akatoa mkobani daftari la jalada jeusi. "Nimekuandikia humu. Kila ilipozima, saa ngapi, na nilikuwa nafanya nini."

Injinia alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akalilaza mezani. Mama mkwe alipotoka tu, akaweka juu yake kikombe cha chai. Mtu wa taipureta angemwambia nini yeye kuhusu kompyuta?

Na kweli, safari hiyo hakuhitaji kuambiwa. Alifungua tumbo la mashine akaona kibao chembamba cha kumbukumbu hakikukaa sawasawa mahali pake, tangu huko mashine ilikotengenezwa. Akakisukuma kwa kidole mpaka kikasema ta. Akaiacha mashine ikifanya kazi asubuhi mpaka jioni, tumbo wazi, feni ikizunguka, na haikuzima hata mara moja. Ilikuwa kazi safi, kazi ya fundi. Mama Chapa alipokuja kuichukua alirudishiwa daftari lake likiwa na duara la chai kwenye jalada. Aliliangalia lile duara, akalipangusa kwa kidole. Injinia akakaza skrubu ya mwisho, akachomoa stika.

"Mama, nikuelimishe kidogo," alisema, huku akiilainisha picha yake kwa kidole gumba isibaki na kunjo. "Hizi mpya nyembamba zinapumua kwa tumbo, si kwa ubavu kama zile za zamani. Matundu yote yako huku chini. Ukiiweka kitandani, au juu ya kitambaa, umeiziba pumzi. Inachemka, halafu inajizima yenyewe isiungue. Watu wengi hawana habari."

Yote aliyosema yalikuwa kweli, na hilo ndilo la kuchukiza zaidi. Mama Chapa akafungua daftari akaandika: tumbo lisizibwe.

Baada ya siku mbili alirudi.

"Mara hii ni tofauti, baba. Haitoi ile bluu. Inazima tu, ghafla, dakika ya arobaini hivi, na chini inakuwa ya moto. Nimeandika yote."

"Ndiyo, mama," alisema Injinia, na masikio alikuwa ameshayafunga. Yeye alikuwa ameitengeneza. Kitu alichokitengeneza yeye kikiharibika, kimeharibiwa. Alibandua stika ili azifikie skrubu, akaikunja akaitupa kwenye ndoo, akaiwasha mashine ikiwa wazi. Ikaenda siku nzima bila kukohoa. Akaifunga, akabandika stika mpya, akairudisha kwa mama mkwe, akamwambia imeenda siku nzima, akaongeza na hotuba ile ile ya kitanda na kitambaa.

Jioni hiyo, mezani, alimwambia mkewe, "Mama yako anaiweka juu ya mto."

"Mama hana hata mto wa kiti. Anaandikia kwenye meza tupu."

"Basi kuna kitu anaifanya."

"Umemuuliza?"

"Nimuulize nini? Mtu hajui hata anachokigusa."

Mkewe akamtazama. "Daftari lake umelisoma?"

Injinia akaomba chumvi. Mkewe alikuwa amekaa na mtu huyu miaka kumi na minne na alijua chumvi ile maana yake nini, akaisogeza.

Mama Chapa hakuwa mtu wa kukaa analia. Aliandika dakika arobaini, mashine ikazima, akaisubiri ipoe huku akisikiliza rekodi kwa masikio, akaiwasha, akaandika arobaini nyingine. Kwa mwendo huo wa kuchechemea alifikisha Jumatano mbili bila kuchelewa hata saa moja. Macho yalimvimba. Kila alichoandika alikinakili kwenye flashi, maana mahakamani alijifunza kwamba karatasi moja ni sawa na hakuna karatasi.

Mara ya tatu aliporudi dukani, benchi lilikuwa limejaa, ikabidi asubiri. Ndipo akasoma ukuta. Kikaratasi kipya kilikuwa chini ya yule wa mafua: *Bibi mmoja anaiandikia kompyuta yake shajara, saa na dakika ilipougua.* Hakikuwa na jina. Wawili watatu kwenye benchi walikuwa bado wanakichekea. Mama Chapa akakisoma mara moja, akakunja mikono juu ya mkoba, akatazama mbele. Injinia alimwona akisoma. Alijisemea kwamba mama hakuelewa, au ameelewa na ni mtu mwenye utani, akaendelea na kazi. Safari hiyo alifuta programu zote akazipiga upya, akaijaribu mashine ikiwa wazi, ikaenda vizuri, akaifunga, akabandika stika.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, wakati wa chai ya asubuhi, mkewe alikaa mbele yake bila kumimina chai.

"Mama amenyang'anywa kazi."

"Na nani?"

"Msajili. Jana alimwita ofisini na mashine yake, wasahihishe pamoja majina ya mashahidi. Wameanza, dakika arobaini, ikazima. Wakasubiri, wakaanza tena, ikazima. Wanasheria wamesimama mlangoni. Msajili hakumgombeza. Alimwambia, 'Mama, umechoka, pumzika,' akachukua rekodi zake."

Injinia alitafuna mkate. Kitu fulani kilimgusa kwa mbali, sitakataa, lakini hakikupata pa kukaa. "Mimi nilisema tangu mwanzo," alisema. "Umri ule ungetosha kulea wajukuu. Na duka lililomuuzia lile kopo nalo ni la matapeli."

Mkewe alijimiminia chai, akainuka na kikombe chake akaenda kunywea uani. Injinia akamaliza chai peke yake, akaenda kazini mapema.

Ijumaa, saa nne, Mama Chapa aliinama chini ya ngazi. Hakubeba laptopu. Alibeba daftari na bahasha ya kaki. Dukani hakukuwa na mteja, na rafu ya mashine zilizopona, zinazongoja wenyewe, ilikuwa imejaa.

"Shikamoo, mama. Nimesikia. Pole sana, kazi nyingine zitapatikana."

"Kwa nani?" aliuliza Mama Chapa.

Mama Chapa hakukaa. Alifungua daftari akalisoma amesimama, kwa sauti isiyopanda wala kushuka, kama alivyozoea kumsomea shahidi maneno yake.

"Kwangu, dakika arobaini na moja. Kwangu, thelathini na tisa. Kwangu, arobaini na tatu. Kwako, siku nzima. Kwangu, arobaini. Kwako, siku nzima." Akageuza ukurasa. "Jana sikuwa na kazi, baba, kwa hiyo nilipata nafasi ya kufikiri. Mahakimu huuliza: palipotokea na pasipotokea, pametofautiana nini? Meza ni meza. Umeme ni umeme. Vidole ni vyangu, lakini inazima hata nisipoigusa. Nikaigeuza nikaitazama tumbo."

Akafungua bahasha, akaitoa stika, akaiweka mezani. Ilikuwa imejikunja kwa joto na tabasamu lilikuwa limeenda upande.

"Niliibandua saa tatu asubuhi. Mashine ikaenda mpaka saa nane mchana bila kuzima. Nikasema isiwe nimebahatisha. Nikakata kipande cha kaki, saizi hiyo hiyo, nikakiweka mahali pale pale. Dakika thelathini na nane, ikazima. Nikakitoa. Ikaenda mpaka jua likazama." Akafunga daftari. "Tumbo lisizibwe. Uliniambia mwenyewe, na kidole ukiwa umekiweka hapo hapo."

Injinia aliitazama stika. Kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu aliishusha miwani machoni, na kwa bahati mbaya ilimsaidia. Alikumbuka kwamba kila mara aliijaribu mashine kabla ya kuibandika, na kila iliporudi jambo la kwanza lilikuwa kuibandua. Akaihesabu miezi minane. Akawaona waliorudi mara mbili, mara tatu, wakiomba radhi mlangoni. Mmoja alikuwa ameishia kuiuza mashine yake kwa huzuni, na Injinia alikuwa amemcheka.

"Mama," alisema hatimaye, "mashine za siku hizi wanazitengeneza vibaya. Nani aliwaambia waweke matundu chini?"

"Inawezekana," alisema Mama Chapa. "Baba, mimi nimeandika maneno ya watu miaka thelathini na mmoja. Mwongo nilikuwa namjua kwa pumzi anayovuta kabla ya kujibu. Kuna wezi niliowaandika, na wauaji, na wengine niliwaonea huruma. Wewe nakudharau. Nakwambia usoni kwa sababu wewe dharau yako kwangu uliibandika ukutani."

Alisema hivyo taratibu, kama mtu anayemtajia mwenzake saa.

"Sikuja kudai kitu," aliendelea. "Rekodi msajili kampa mtu mwingine, hazirudi. Kikaratasi changu kiache hapo, ni kweli naandika. Nataka jambo moja tu. Watu hawa," akaonyesha rafu kwa kidole, "wakija, waambie kosa lilikuwa lako. Maneno ni machache. Hata mtu wa taipureta anayaweza."

"Nitawaambia, mama."

"Sawa."

Kabla hajaondoka, mlango ukaingia giza, mtu akainama chini ya ngazi. Alikuwa mwalimu wa shule ya jirani, mtu mpole mwenye chaki kwenye mkono wa shati, amekumbatia laptopu yake kwa mikono miwili. Ilikuwa safari yake ya tatu. Mitihani ya darasa zima ilikuwa humo ndani, nayo ilitakiwa Jumatatu.

"Injinia, samahani kwa usumbufu," alisema, hata kabla ya kusalimia. "Imezima tena. Nadhani ni mimi, kuna kitu nakosea."

Mama Chapa akarudi nyuma hatua mbili, akakaa kwenye benchi.

Injinia aliipokea mashine akaigeuza. Pale tumboni, katikati kabisa, alikuwa mwenyewe, ametabasamu. Tumbo lilikuwa bado la moto. Kwa ukucha aliinyanyua stika pembeni, akaivuta, ikatoka yote bila kuchanika, na mstari wa matundu ukaonekana safi chini yake. Akaifinyanga kiganjani. Mwalimu alikuwa akimtazama usoni kama mgonjwa anavyomtazama daktari. Alikuwa tayari kuamini lolote, hata la kumdhalilisha. Mama Chapa naye alikuwa akimtazama. Maneno yalikuwa pale pale, kosa ni langu, mwalimu, na hayakuhitaji bisibisi wala elimu.

Injinia alivuta pumzi.

"Umeifanya nini?" aliuliza.

Mwalimu akaanza kujieleza. Kwamba labda aliiwasha umeme ukiwa mdogo, kwamba labda binti yake aliichezea. Injinia akaitia stika mfukoni, akamgeuzia mgongo, akatafuta bisibisi iliyokuwa mbele ya macho yake.

Kwenye benchi, Mama Chapa alifungua daftari ukurasa mpya, akainua macho kuangalia saa ya ukutani, akaandika.